Sabuni za Mama Getruda

Mwaka ule wa themanini na nne, Musoma ilifua nguo kwa majani ya mpapai. Sukari ilibaki hadithi, na ukipita na sabuni ya kweli mtaani, watu waligeuza shingo kana kwamba wamesikia harufu ya nyama choma. Ndipo Getruda Magige alipokabidhiwa makao ya wazee ya parokia, pale Nyakato.

Alikuwa mwanamke wa Butiama, mrefu, mwenye kicheko cha kuvuka ua, aliyechunga ng'ombe wa baba yake kabla ya kusomea uuguzi. Wazee aliwapenda siku ya kwanza. Kilichomkera ni madaftari. Kila mzee alikuwa na lake, na mwisho wa zamu mhudumu alipaswa kuandika mzee amekula nini, amepewa dawa gani, ameamkaje. Wahudumu wote waliandika neno moja tu: "Hajambo."

Siku moja Bibi Bhoke alipewa dawa ya presha na zamu ya asubuhi, na zamu ya mchana nayo ikampa, maana hapakuwa na maandishi ya kuonyesha kwamba ameshakunywa. Akaanguka mlangoni mwa jiko. Alipona, lakini Getruda hakutulia tena. Akamwita Keraryo, mhudumu wa miraba minne aliyewahi kuvua samaki kisiwani Rukuba.

"Kwa nini hamwandiki?"

"Mshahara wenyewe tunapataga mwezi umeshakufa, Mama," Keraryo akajibu bila kupepesa. "Kalamu inanizidia uzito."

Getruda hakugomba. Paroko alikuwa amepata katoni ya miche ya sabuni kutoka kwa wafadhili, Getruda akamwomba ampe. Akatangaza kwamba kila Jumamosi, mhudumu atakayeandika kwa kirefu kuliko wenzake ataondoka na mche mzima.

Lo! Wiki ile kalamu zilishika moto. Hata Ursula, binti mpole wa jikoni aliyekuwa akisaidia wodini, alijaza kurasa. Getruda alisoma huku anatabasamu, hadi akafika mahali Keraryo alipoandika: "Mzee Masatu amekunywa uji, ameimba, amenishukuru sana."

Mzee Masatu alikuwa Bunda tangu juzi, kwenye harusi ya mjukuu wake.

"Keraryo, huyu Masatu aliyekuimbia ni yupi?"

Keraryo akakuna kisogo. "Mama, yule mzee anakunywaga uji kila siku. Nikaona hata leo hataukataa."

Getruda alijikaza akasirike, kicheko kikamponyoka. Alipobaki peke yake, ndipo moyo ulipomshuka. Alikuwa ameomba maneno mengi, na maneno mengi ndiyo aliyopewa. Ukweli hakuuomba.

Jumamosi iliyofuata aliwaketisha wazee barazani, sabuni zikiwa mezani. Akawaambia wahudumu, "Mtasoma mlichoandika, na mzee mwenyewe atasikiliza. Wazee wakikubali yote, zamu nzima inagawana. Mmoja akitia chumvi, zamu nzima inakosa."

Ursula akaanza: "Bibi Bhoke amekataa ugali, amekula sato kidogo, amemtukana mpishi."

"Andika vizuri, mjukuu wangu," Bibi Bhoke akadakia. "Huyo sato alikuwa mbichi. Nilitukana kwa sababu!"

Baraza likaangua kicheko. Keraryo akafuata, safari hii kwa maneno machache: "Mzee Masatu ameamka kwa shida. Goti la kushoto linamsumbua. Hasemi."

Mzee Masatu akamkazia macho. "Nani amekwambia?"

"Hakuna, baba. Nakuonaga unalisugua ukidhani tumeondoka."

Mzee akalishika goti lake. "Kumbe unaniangaliaga," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea.

Jumatatu walimpeleka hospitali. Goti halikupona kabisa, ila alirudi na fimbo na dawa ya kuchua, akawa anawaagiza wahudumu waandike hata jinsi anavyokohoa.

Mambo hayakunyooka yote. Zamu ya Leonardi, mhudumu aliyeshindwa kuacha kutia chumvi, ilikosa sabuni mara kwa mara kwa sababu yake, wenzake wakamnunia, naye akaacha kazi akauze mitumba Bunda. Getruda aliumia, maana Leonardi alikuwa na mikono laini kwa wagonjwa. Akaongeza nusu mche kwa atakayekiri kosa lake kabla ya kusomwa.

Kisha serikali ikafungua milango ya biashara. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi na kila marashi, na mche haukumsisimua mtu tena. Getruda akawaambia wazee, kwa shingo upande, kwamba huenda mikutano ya Jumamosi ikakoma.

"Ikome?" Bibi Bhoke akainuka kitini. "Sabuni zilikuwa zao. Kusomwa ni kwetu!"

Wazee wakapiga fimbo sakafuni. Keraryo alikuwa ameshafungua daftari la kwanza.