Samaki ya Vidole Tatu na Shimo ya Mama Mukwe

Bibi yangu, mama ya batoto, hapendi niiseme hii habari mbele ya wageni, lakini ninyi si wageni, na yeye leo ameenda misa ya pili, basi nitawaambia vile nilijipatisha haya ku bukwe, kwa wakwe, mimi Deo, karani wa kupiga mashini, mutu wa kravati.

Ilikuwa wakati wa Babeleji, miaka kidogo mbele ya uhuru. Monsieur mwenye nilikuwa napigia barua alirudi likizo na fimbo mbili za kuvulia, akanipa moja. Bandugu, fimbo nyepesi mpaka unaisahau mukononi, kamba nyembamba kama unywele, na kamashini kadogo ka kuizungushia, yeye aliita moulinet. Akanionya: « Deo, hii ni ya tusamaki tudogo. Samaki akikamata usivute kwa nguvu, kamba itakatika. Umufuate, umuache achoke. » Nikasema oui, monsieur. (Laiti angesema tu nivute.)

Siku ya yenga, siku ya misa, nilipaswa kushuka Mumosho, kwa wazazi wa Anjelina, binti niliyetaka kuoa, na haikukuwa matembezi tu. Kulikuwa mwalimu moja naye anamutaka, na muzee, baba yake, alikuwa ametuma neno kwamba siku ile, nyuma ya misa, atasema nani anapewa binti. Nilivaa pantalo mweupe, kravati, viatu vya kupakwa sirazi, nikafunga fimbo ku kinga, baiskeli yangu, na kwenda.

Nilifika mapema. Muzee alikuwa bado ku misa, na pale chini mto Ruzizi inapita polepole kwenye kona moja, mayi safi, unaona tusamaki tunacheza karibu ya majani, nikajiambia, Deo, dakika kumi tu, haraka ya nini, bukwe haitahama. Muogope mutu anayejiambia dakika kumi tu.

Nilitupa mara ya kwanza, ndoano ikaingia mu majani. Mara ya pili ikashika kravati yangu (tuache hiyo). Mara ya tatu samaki akakamata, fimbo ikajikunja, kamashini ikalia krrr, na mimi nikacheka peke yangu kama mujinga, kwa sababu ile furaha siwezi kuwaeleza, mukono wote unatetemeka juu ya kitu chenye hata hujakiona.

Ni hapo nilisikia bamama wanashuka. Walikuwa wanakuja kutoa mihogo mu mashimo ya kuloweshea, yale yanachimbwa pembeni ya mayi, mihogo inalala mule siku tatu, ine, mpaka inalainika (na kunuka, munajua wenyewe). Nikageuza jicho kidogo: mwenye kutangulia, na kitunga ku kichwa, ni mama ya Anjelina. Sasa, kwetu Bashi, mama mukwe hamuangaliani uso kwa uso. Mukikutana mu njia, wewe unaingia mu pori mpaka apite. Nilipaswa kutupa fimbo na kukimbia, hata mutoto wa miaka saba angejua.

Lakini samaki alikuwa anashuka na mayi, upande ule ule wa bamama, na monsieur alisema umufuate. Nikajiona mwenye akili: nitamufuata, lakini mama mukwe nitamupa mugongo. Basi nikaanza kutembea kinyumenyume, fimbo nimeipitisha juu ya bega, macho ku mulima, hatua kwa hatua, na kila hatua inanikaribisha kwa mama mwenye nilikuwa namukimbia. Nikasikia shangazi ya Anjelina anauliza polepole: « Huyu si ule karani? »

Hatua moja tena, udongo ukaisha. Niliikala mu shimo ya mihogo mpaka kifua, na ile mayi mweupe ikanirukia mpaka kinywani. Na shimo yenyewe, kumbe, ni yake mama mukwe, kazi yake ya juma nzima.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya kupita kicheko. Nilijaribu kutoka, nikateleza, nikarudi chini. Mama mukwe hakuweza kunipa mukono, wala kunisemesha, desturi inakataza. Akageukia shangazi, kama vile mimi siko pale:

« Umuambie ule mutu anakanyaga mihogo yangu. »

« Anasema unakanyaga mihogo yake, » shangazi akaniambia.

« Umuambie anisamehe. »

« Anasema umusamehe. »

« Umuambie aachilie ile kitu, atumie mikono yote mbili. »

Maana fimbo nilikuwa bado nimeinyanyua juu, na kamba haikukatika. Shangazi ndiye alinivuta, na samaki akatoka nyuma yangu, urefu wa vidole tatu tu.

Nguo ingine sikukuwa nayo. Nilipanda kwa muzee vile vile, nikabaki ku kiwanja, mbali na mulango kwa sababu ya harufu. Mwalimu alikuwa tayari mu nyumba, pantalo imepigwa pasi, anakunywa na muzee kasiksi, pombe ya ndizi. Nilijua Anjelina nimemupoteza, na nililia kidogo, sifichi.

Ndipo mama mukwe akasema kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, sauti ya kusikiwa na kila mutu: « Muzee, huyu mwalimu juzi tulikutana mu njia, akaniangalia mu macho na kunipa bonjour. Ule wa inje leo ameanguka mu shimo kwa sababu alikataa kunigeuzia uso. Mimi najua nani ananiheshimu. »

Muzee alifikiri, akamaliza kikombe chake, halafu akaniita niingie.

Tuko na batoto saba. Mama mukwe alizeeka akinisifu ku kila arusi, kwamba mukwe wake alimuheshimu mpaka akaanguka, na mimi naangalia chini, watu wanaita upole. Kwa kweli, kama ningemuheshimu, ningekimbilia mu pori pale pale nilipomuona. Nilimupa mugongo kwa sababu ya samaki. Tulimuzika mwaka juzi na sijamuambia. Kuvua, ninavua bado, lakini upande wa ziwa, mbali na bukwe, na nikiona mama mwenye kitunga anashuka, hata samaki awe mukubwa namna gani, nakata kamba.