Betri za Mama Kisimani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni kidogo. Mimi niliishia darasa la tatu, naandika pole pole, nanyi someni pole pole.

Juzi nilifungua kasha nikakuta betri kuukuu imevuja. Ile harufu ya kutu ikanirudisha Malindi, uani kwetu, nilipokuwa na miaka tisa.

Baba alikuwa kibarua wa chumvi Marereni, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama alibaki na mimi na pacha wawili wasiojua kulala. Akifua, wanalia. Akiswali, wanalia. Alichoka hata akawa asinzia wima. Lakini alikuwa na mwimbaji wake mmoja wa taarabu, bibi mwenye sauti nzito. Walipotokea waimbaji wapya, majirani wakawahamia hao, mama akasema, "Wangu ni yule yule."

Kila Alhamisi alasiri redio ilisoma salamu za wasikilizaji na kuwapigia nyimbo walizoomba. Mama akiketi kusikiliza, mimi nabebeshwa pacha, mmoja kiunoni, mmoja mgongoni. Niliichukia redio ile.

Mama hakujua kuandika. Kadi yake ya salamu niliiandika mimi, ikatiwa posta, akangoja Alhamisi baada ya Alhamisi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya ukuta, zipate nguvu kidogo. Basi Alhamisi moja, pacha wamenitapikia shingoni, nikazichukua zote tatu nikazitumbukiza kisimani.

"Zuhura, betri zi wapi?"

"Kunguru wamechukua."

Alasiri ikapita kimya. Kabla ya magharibi jirani yetu Bi Rehema, aliyekuwa kwa shemeji yake mtaa wa pili, akaingia bila hodi.

"Mama Zuhura, umesomwa! Wamekutaja jina lako lenyewe, Mwanaisha binti Omari! Na wimbo wako wakaupiga mpaka mwisho! Ulikuwa wapi, mwanamke wee?"

"Kunguru wamechukua betri," mama akamjibu.

"Kunguru gani? Huyu mwenye gauni la maua?" Akanikodolea macho.

Nilingoja kofi. Halikuja. Mama alimpokea mtoto mmoja, akaketi kumnyonyesha, na machozi yakamdondokea mtoto utosini. Nikadhani analilia betri.

Nilipozaa wangu sita ndipo nilipojua. Kutwa ni mama niletee, mama niogeshe, hata jirani akuita kwa jina la mwanao. Ilipita miaka sikusikia mtu akiniita Zuhura. Mama alingoja jina lake, na mimi ndiye niliyemnyima. Amekufa sijamwomba radhi.

Sasa mkaza mwanangu ana mtoto mchanga, naye ana mwimbaji wake, kijana wa makelele, mimi simwelewi hata neno. Mwezi uliopita mwanangu Salimu alimzimia simu, ati mtoto analia. Nikawaita wote ukumbini.

"Maryamu akimsikiliza mtu wake, asisumbuliwe. Mtoto akilia aletwe kwangu. Na wewe Salimu, nepi zile kwenye beseni, kazifue."