Baruti Karibu na Sosiani

Wakati wa vita nilikuwa dereva wa lori la jeshi hapa Eldoret. Afisa wetu, Mzungu, alikuwa injinia wa migodi ya dhahabu kabla ya kuvaa magwanda. Siku moja lori langu lilizama kwenye matope karibu na mto Sosiani, gurudumu likakwama kwenye jiwe. Tukaomba majembe.

“Ya nini?” afisa akasema. “Leteni baruti.”

Akaitega chini ya jiwe, ikalipuka, na matope yakatufunika sote hadi kope. Lori halikusonga. Mara mkubwa wake akafika, akamwona kati yetu, mweusi kama sisi.

“Wewe! Bwana yako ako wapi?” akafoka kwa Kiswahili chake kibovu.

Afisa akapiga saluti. “Ameenda kunywa chai, afande.”

Mkubwa alipoondoka, tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha afisa akachukua jembe, tukachimba naye.