Mwenyekiti wa Maisha wa Baiskeli za Busia

Wahabi alianza kubeba watu kwa baiskeli pale Busia zamani, wakati mpaka ulikuwa gogo moja lililolazwa barabarani na askari mmoja anayesinzia kando yake. Abiria alishuka kwenye basi la Uganda, akakaa kwenye keria juu ya mto wa sponji, akavushwa hadi upande wa Kenya kutafuta basi lingine. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Haikutaka shule, ilitaka miguu na adabu. Miguu bado ipo.

Stendi ya baiskeli, upande wa Uganda, ilikuwa na mwenyekiti mmoja, na alama yake ilikuwa kengele ya shaba iliyofungwa kwenye usukani wake. Kengele ikilia, aliyefikiwa na zamu anachukua abiria. Mwenyekiti ndiye aliyeamua ugomvi, ndiye aliyemfukuza mlevi, ndiye aliyepita kumjulia hali mgonjwa. Marehemu Badiru, mwanzilishi wa stendi, aliweka sharti moja: mtu anakaa na kengele kutoka Idd ya Ramadhani hadi Idd ya Ramadhani inayofuata, basi. Badiru hakusoma popote. Alikuwa amemwona mwenyekiti wa kwanza akiwagawia mashemeji zake abiria, akajua kwamba mtu akiizoea sana kengele ile huanza kudhani ni sauti yake mwenyewe.

Siku ya Idd, baada ya swala, watu wote wa stendi walikutana, Waislamu na Wakristo. Anayeondoka alipandishwa kwenye keria akiwa ameelekea nyuma, mgongo kwa mgongo na anayeingia, naye anayeingia akamwendesha kuzunguka soko. Wengine walifuata wakipiga kelele: "Shuka! Umetuchosha! Shuka!" Wanawake wa sokoni waligonga masufuria. Mwenyekiti alitukanwa pua yake, ubahili wake, jinsi anavyokoroma. Mwishoni alishuka akicheka, akashika spana kwa mkono wake mwenyewe, akaifungua kengele na kuifunga kwenye baiskeli ya mwenzake. Kisha wakala pilau. Mtu aliyetukanwa mbele ya soko zima na akacheka hawezi kuamka kesho yake akajifanya mfalme. Siku hizi stendi zina vyama, vyama vina mihuri, na wenyeviti wanangojwa wafe.

Wahabi ndiye aliyekuwa na kengele mwaka ule redio ilipotangaza kwamba Rais sasa atakuwa Rais wa maisha. Tangazo lile liliwakuta stendi mchana. Jamiru, mwenye redio, aliipunguza sauti, kisha akaogopa kwamba kuna mtu atauliza kwa nini ameipunguza, akaiongeza hadi ikapasua masikio. Wakakaa hivyo, wanaume wazima, wakiutazama muziki wa bendi ya jeshi kana kwamba unaonekana.

Ramadhani ilipoingia, Landrova ilisimama mbele ya stendi. Akashuka Kapteni aliyekuwa ameletwa karibuni kulinda mpaka, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka. Nyuma yake walikuja askari.

"Nani mukubwa hapa?"

"Mimi, afande," Wahabi akajibu. "Mpaka Idd."

"Mpaka Idd nini?"

Wahabi angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa akiipenda desturi ile, na mtu hupenda kukieleza anachokipenda. Akaeleza yote, keria, masufuria, spana. Kapteni alicheka mpaka akafuta machozi.

"Kila mwaka nyinyi natoa mukubwa? Amefanya makosa gani?"

"Hana makosa, afande. Ni zamu yake tu imekwisha."

"Mutu hana makosa, nyinyi natoa?" Kicheko kilikatika. Kapteni akamtazama Wahabi, akawatazama wengine. "Hapana. Mutu muzuri nakaa. Rais nakaa, wewe nakaa. Leo wewe Mwenyekiti wa Maisha ya baiskeli. Nimesema mimi. Piga kengele."

Wahabi akapiga kengele. Askari wakapiga makofi, na stendi nzima ikapiga makofi, wa kwanza akiwa Ekaju, wa kabila la Wateso kutoka Mukuju, mtu mpole aliyekuwa akiingojea zamu yake kwa miaka mingi, na zamu yenyewe ilikuwa Idd hiyo.

Jioni Wahabi alifuturu bila hamu. Mkewe Mastula alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa kaa nayo hiyo kengele, Baba Hajara. Imemuuma nani?"

"Nikikaa nayo nimemwibia Ekaju."

"Ekaju mwenyewe si amepiga makofi?"

"Tena wa kwanza. Ndiyo maana siwezi kukaa, Mama Hajara."

Mastula akakusanya vyombo. "Kuna wanaume walichukuliwa hapa kwa maneno madogo kuliko 'shuka'," akasema, na hakuongeza.

Lilikuwa neno la kweli, na Wahabi alilijua. Kupiga kelele za "shuka, umetuchosha" barabarani mwaka ule ilikuwa kujitafutia safari ya ndani ya buti la gari. Lakini siku zilivyosogea aliona jambo jingine lililomtia hofu zaidi. Mwanzoni Jamiru alifanya mzaha: "Mheshimiwa wa Maisha, naomba ruhusa nikakojoe." Watu walicheka, kisha wakatupa macho barabarani. Baadaye mzaha ukakoma. Watu wakaanza kumsalimia wakiwa wameinama kidogo. Mmoja alimletea jogoo. Siku moja, kwa kusahau tu, Wahabi alimpa mpwa wake abiria ambaye hakuwa wake. Akangoja kelele, maana stendi ile ilikuwa na midomo. Hakuna aliyelalamika. Mwenye zamu aliangalia tairi lake kana kwamba lina pancha.

Usiku huo Wahabi hakupata usingizi. Alikuwa amekula abiria wa mtu, na kilichomtisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi.

Asubuhi alimwita Ekaju kando.

"Idd nitashuka. Utaniendesha wewe, kama desturi. Ila tutakwenda kimya. Hakuna kelele wala masufuria. Tutazunguka soko, nitafungua kengele, basi."

Ekaju akatazama barabarani. "Mzee wangu, tungoje. Hali itulie kwanza."

"Itatulia lini?"

"Siwezi kujua, mzee."

"Mimi pia sijui. Na huyo anayekaa maisha hajui. Hofu ikituhesabia zamu, Ekaju, hakuna zamu itakayokwisha."

Waendesha baiskeli wakaapa kunyamaza. Mastula alipewa kazi ya kuwaonya wanawake wa sokoni, na aliifanya, akipita meza kwa meza, akinong'ona kama anayeulizia bei. Aliwaonya wauza nguo, wauza nyanya, wauza dagaa. Waliomponyoka ni akina mama wa mihogo kutoka Buhehe, maana hao hawakuwa na meza na huja sokoni siku wanayotaka.

Siku ya Idd, swala ilipokwisha, Wahabi alipanda keria akiwa ameelekea nyuma, kanzu yake ikiwa imekunjwa magotini. Ekaju akakanyaga pedali. Wengine wakafuata wakisukuma baiskeli zao. Hapakuwa na sauti ila minyororo. Jamiru alifungua mdomo kwa mazoea, akaufumba. Walikuwa kama wanaosindikiza maiti anayewatazama. Wauza nguo waliinamisha vichwa. Wauza nyanya wakapanga upya nyanya zilizokwisha kupangwa.

Ndipo wakafika penye mihogo. Mwanamke mmoja, Alaso, Mteso aliyeolewa Buhehe, aliinua macho akamwona Wahabi juu ya keria, akasahau dunia. Kwake ilikuwa Idd, na Idd ina mchezo wake.

"Weee! Pua hiyo bado tu mnaibeba? Shuka! Umetuchosha! Shuka!"

Akagonga sufuria. Wenzake wa mihogo wakadakia. Wahabi, akiwa ameelekea nyuma, aliuona wote mwendo wa jambo lile. Sauti iliruka kutoka kwenye mihogo hadi kwenye mahindi, ikaingia kwa mafundi viatu, ikashika watu ambao hawakuwahi kupanda baiskeli na wala hawakujua mwenyekiti wa stendi ni nani. "Shuka! Umetuchosha!" Mzee mmoja alipiga kelele huku mishipa ya shingo imemtoka. Mwanamke mwenye nguo nyeusi, ambaye mumewe alichukuliwa na hakurudi, alisema lile neno taratibu, tena na tena, akilia. Hata walioapa kunyamaza walipiga kelele. Miaka yote ya stendi, neno lile halikuwahi kupigiwa kelele namna ile, na hakuna aliyekuwa akiitazama pua ya Wahabi.

Kisha, kwa ghafla, kila mtu akasikia anachokisema.

Soko likanyamaza. Sufuria moja ilidondoka, ikazunguka, ikatulia. Kwa mbali Landrova iliwashwa.

"Ekaju," Wahabi akasema, "usizunguke tena. Nyoosha."

Ekaju alinyoosha. Walipita kwenye kizuizi wakati askari wa zamu wamezunguka sinia la nyama walilopelekewa na stendi yenyewe asubuhi. Mmoja alipunga mfupa. Hawakusimama hadi upande wa Kenya, mbele ya kibanda cha Ojiambo, Msamia anayeziba pancha, rafiki wa siku nyingi.

Wahabi akashuka. Aliomba spana. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa imebaki Uganda, lakini kengele alikuwa ameifungua alfajiri, isije ikalia, na kuitia mfukoni mwa kanzu. Akaifunga kwenye usukani wa Ekaju, akaikaza hadi mkono ukamuuma.

"Rudi. Mwambie Kapteni nimekimbia. Tukana jina langu sana. Kosa ni langu, kiti hakina mtu, wewe umekikuta kitupu. Idd ijayo na wewe ushuke."

"Nitashuka, mzee. Wallahi," akasema Ekaju, Mkristo wa watu, na Ojiambo akacheka peke yake.

Ekaju hakuguswa. Alimtukana Wahabi vizuri, Kapteni akafurahi. Jamiru alilala ndani juma zima, akatoka bila meno ya mbele na bila mizaha. Alaso hakuonekana tena sokoni. Wengine walisema yuko kwao, wengine hawakusema kitu.

Wahabi alikaa kwa Ojiambo akiziba pancha. Kutoka pale aliweza kuona mapaa ya mtaa wake. Mastula alivuka siku za soko na chakula, akarudi. Mwaka mzima Wahabi aliishi akihesabu kuelekea siku moja tu. Alikuwa ameilipia desturi ile kwa nyumba yake, na alitaka kujua kama alichokinunua kipo.

Idd ikafika. Aliswali upande wa Kenya, akatoka haraka, akasimama karibu na kizuizi, ametega sikio. Hata kimya kimya, alijiambia, nitasikia minyororo. Alisikia adhana ya mchana. Alisikia malori. Kisha akasikia kengele ya shaba, akamwona Ekaju anakuja na abiria, amenenepa, shati jipya, kengele ikiwa pale pale kwenye usukani.

Ekaju alimshusha abiria, akamwamkia kwa kuinama. "Idd njema, mzee wangu."

"Leo ni siku gani, Ekaju?"

"Mzee, Kapteni alisema..." Akameza mate. "Alisema mutu muzuri nakaa. Na nina watoto Mukuju. Mwakani, mzee. Hali ikitulia."

Hakuwa mtu mbaya. Wahabi aliiangalia kengele, iliyong'arishwa kwa majivu ikang'aa kuliko alivyoiacha. Akavuta pumzi, akapiga kelele kwa sauti yake yote, peke yake, katikati ya barabara ya Kenya ambako hapakuwa na wa kumkamata:

"Shuka! Umetuchosha! Shuka!"

Ekaju hakumtazama. Aligeuza shingo upesi kuelekea kizuizini, kuona ni nani amesikia. Kisha akapanda baiskeli yake, akaifunika kengele kwa kiganja ili isilie njiani, akarudi Uganda.