Gunia Asilolitia Mkono

Saa mbili asubuhi, Epifania Ntabaye anazamisha mkono wa kulia kwenye gunia la maharage mpaka kiwiko kinapotea. Anafumba macho. Mwenye mali na mnunuzi wote wamenyamaza, maana mkono wake ukiwa ndani hasemeshwi.

Mkono unatoka taratibu.

"Debe sita na nusu," anasema. "Na ya chini hayajakauka."

Wanamimina, wanapima kwa debe. Sita na nusu. Ya chini yana unyevu. Hakuna anayeshangaa, kazi hiyo ameifanya katika soko hili la Kasulu mjini kwa miaka kumi na tisa.

Kisha anakaa juu ya debe lake alilolipindua, mikono magotini, na mpaka adhana ya adhuhuri hakuna aliyemwita tena.

Epifania ana miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Titye, elimu yake darasa la saba. Kwa kila debe analopima hulipwa shilingi mia mbili. Msimu wa mwaka 2012 alikuwa na wafanyabiashara tisa, na jioni alirudi nyumbani na elfu kumi, siku nyingine kumi na mbili. Mwaka huu wa 2015 wamebaki wawili. Wengine wamenunua mizani ya kuning'iniza.

"Siichukii mizani," anasema. "Inasema kweli. Ila mimi inaniacha wapi?"

Swali hilo ndilo lililompeleka kwenye usaili wa kazi mara mbili mwaka huu.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni, ndugu wa Burundi walipokuwa wakikimbilia huku kwa wingi. Shirika moja la misaada lilitafuta wasaidizi wa ghala: watu wanaosoma na kuandika, wanaojua hesabu, na wanaoweza kuongea na wageni. Epifania aliona yote anayo, kwani Kiha chake na Kirundi chao havipishani sana. Binti yake, Rosa, alimwandikia barua. Yeye akapiga pasi kitenge cha Jumapili.

Ndani alikuta watu watatu nyuma ya meza. Walimuuliza: mji wa Kasulu unakula magunia mangapi ya maharage kwa siku moja?

Alingoja. Alidhani kuna kitu kitaletwa akione. Walipomwambia akadirie tu, aliwajibu kuwa hajatia mkono, hivyo hawezi kusema. Wakacheka, si kwa ubaya, anasema. Kijana aliyemtangulia alikuwa ametaja arobaini, akaeleza alivyofika hapo, akachukuliwa.

"Aliyenifundisha kazi ni marehemu bibi Esteri," anasimulia Epifania. "Aliniambia mkono kwanza, mdomo baadaye. Ukitaja idadi kabla ya kushika umeiba, hata kama hukuchukua punje. Nilimwahidi hivyo mbele ya Mungu."

Aliyemtoa kwenye ahadi hiyo ni mwalimu Godson, mtu wa Moshi anayefundisha chuo cha ualimu na kupanga nyumba ya jirani. Mwalimu alimweleza kwamba wale watu hawatafuti jibu, wanatafuta njia. Chukua unachokijua, zidisha, gawanya, sema bila woga.

Kwa miezi mitatu alimfundisha uani, Jumapili baada ya misa. Ukuta wa kanisa una matofali mangapi? Siku ya gulio yanauzwa mayai mangapi? Mwanzoni Epifania alikwenda kulala akiomba toba kwa kila idadi aliyoitaja. Baadaye akaanza kufurahia.

Sokoni wakazijua hesabu zake hizo. Mwanaheri, mmoja wa wale wafanyabiashara wawili waliobaki, alimchokoza siku moja mwezi wa tisa mbele ya wateja, akitaka akadiriwe mumewe amemuudhi mara ngapi tangu Idi. Epifania akapiga hesabu kweli, kwa siku na kwa milo, akataja mia mbili na kumi.

"Shoga, umempunguzia," Mwanaheri akajibu.

Oktoba shirika lilelile lilitangaza nafasi Kibondo, ambako kambi nyingine ya wakimbizi ilikuwa ikifunguliwa. Epifania alipanda basi la asubuhi. Kwenye mabenchi alihesabu watu sitini na wawili, wengi wao umri wa Rosa. Zamu yake ilifika saa tisa alasiri.

Aliyeongoza usaili alikuwa mama mmoja wa Mara aitwaye Ghati. Swali lake lilikuwa fupi: jioni wanashuka watu elfu moja kwenye mabasi, wana njaa. Utatoa magunia mangapi ya maharage ghalani kwa mlo mmoja?

Epifania anasema moyo wake ulitulia. Hilo alilijua. Parokiani kwao ndiye mpishi wa misiba.

"Msibani debe moja la maharage linalisha watu mia na hamsini," aliwaambia. "Watu elfu moja ni debe saba kasoro kidogo. Gunia ni debe saba. Basi gunia moja linatosha."

Hakusita. Kwa mara ya kwanza tangu ashike debe, alikuwa amelitolea hukumu gunia asilolitia mkono.

Ghati aliweka kalamu chini. Alimuuliza kama ana hakika, akamuuliza tena. Kisha akamweleza kwa upole kwamba gunia la ghalani kwao lina kilo hamsini, limeshonwa likiwa bapa. Halifiki hata debe tatu.

"Mama, ungelisha watu mia nne," alimwambia. "Mia sita wangelala na njaa, na watoto wamo humo."

Soko la Kasulu halina gunia la namna hiyo. Huku gunia ni lumbesa: linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa na kufungwa kamba, juu likae kama mtu aliyevaa kilemba. Ni debe saba, na kila mtu anajua ni debe saba. Mwalimu Godson naye hakuwaza kulitaja jambo hilo. Walipojifunza matofali na mayai, hawakufika kwenye magunia.

Epifania alitoka nje, akainama kufunga kiatu chini ya dirisha. Hapo alimsikia kijana aliyemfuata, Venanti wa Munanila, akiulizwa swali lilelile. Kijana alianza kwa kuuliza gunia lao lina kilo ngapi. Kazi akapewa yeye.

"Lile lilikuwa swali langu," anasema Epifania. "Mwezi wa sita nilitaka kuona kwanza, wakacheka. Mwezi wa kumi nikawa nimeshajifunza kutouliza."

Anasema kukosa kazi angekuzoea. Kinachomsumbua ni wale mia sita.

"Najua hawapo. Lakini nikipiga magoti nawaona wamepanga foleni, nimeshika upawa, na sufuria imekwisha."

Hatoi chozi. Mkono wa kushoto unasugua kiwiko cha kulia, pale gunia linapoishia kila siku.

Rosa anasema mama yake hapiki tena misibani. Wiki iliyopita walifiwa Titye. Walipomfuata kumuuliza maharage yatoke madebe mangapi, aliwaambia wamuulize mwingine, akabaki amekaa na waombolezaji.

Na wale wafanyabiashara wawili sasa watakuwa mmoja. Nurudini, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, amekuja mwenyewe kumwambia, kofia mkononi.

"Mama Rosa, nisamehe. Mizani yangu inafika wiki ijayo. Wanunuzi wa Kigoma hawakubali tena mkono."

Epifania alimwambia hakuna tatizo. Kulabu ya mizani alikuwa ameshaiona tangu Jumatatu, imepigiliwa kwenye boriti ya kibanda, bado tupu.

Tangazo jipya la shirika limebandikwa mjini. Usaili ni Januari, Kibondo. Safari hii wanataka kidato cha nne.

Nyumbani kwake, chini ya meza, kuna gunia tupu la msaada alilonunua kwa wauza mifuko. Amelijaza na kulimwaga mara nyingi. Linachukua debe mbili na kama robo tatu, na mkono wake sasa unalijua.

Anaulizwa kama atakwenda, na cheti chake ni cha darasa la saba.

Analikunja lile gunia mara nne, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kitambaa cha altare kila Jumamosi.

"Nitakwenda," anasema. "Wakinirudisha mlangoni, nitarudi. Ila nitaomba kwanza wanionyeshe gunia."