Alama ya Kujumlisha Niliyoifuata Newala

Kampuni iliyoniajiri Masasi ililetwa na soko huria. Kabla yake korosho zilinunuliwa na ushirika, na ushirika ulikuwa na kawaida ya kumwambia mkulima arudi wiki ijayo. Ruksa ilipoingia, makampuni yalimiminika na magari yenye nembo mlangoni, na ya kwetu ikapanga jengo lililokuwa baa. Mimi nilipewa kaunta. Kompyuta ilikaa pale zilipokuwa zinakaa chupa, na kwa miezi ya mwanzo kuna wazee walioendelea kuchungulia dirishani. Wakiniona nimeinama, walidhani biashara imerudi.

Nilikuwa nimetoka Lupaso, nikasoma kozi ya kompyuta Mtwara, nikarudi na cheti ambacho baba alikitundika juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. Meneja wetu alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mrefu, shati limenyooka hata saa nane mchana mwezi wa Oktoba, wakati sisi wengine tumeshalowa. Alipenda semina. Kila alipotoka semina alirudi na neno jipya, na neno hilo lazima litafutiwe kazi ofisini, kama mtu anayerudi safari na ndugu asiye na ajira.

Habari zote za korosho, nani kaleta, kutoka kijiji gani, zina unyevu kiasi gani, zilikuwa kwenye databesi aliyoitengeneza kijana aliyenitangulia. Alikuwa Mmakonde wa Newala, na alikuwa ameacha kazi akaenda kufungua kibanda cha video. Databesi yake haikuwa na vitufe wala picha. Ulipewa skrini nyeusi na kijistari kinachokonyeza. Ukaandika amri, nayo ikajibu au ikakutukana kwa Kiingereza. Jedwali kuu lilikuwa na safu nyingi, na karibu kila safu ilikuwa na jina la herufi moja. Kulikuwa na k, kulikuwa na u, kulikuwa na m, na mwishoni kabisa hm. Waliofanya kazi naye waliniambia uvivu wake uliishia kwenye vidole. Mdomo ulifanya kazi ya watu wote.

Siku moja meneja alikuja kaunta akaegemea kama mteja.

"Wiki ijayo anakuja mama wa makao makuu kukagua mfumo," alisema. "Niandikie ripoti. Kila safu na maana yake."

"Bosi, majina haya siyaelewi."

"Si wewe mtaalamu?"

"Mtaalamu ndiyo. Mganga siyo."

Hakucheka. Alikuwa hajafundishwa hilo semina.

Amri ya kuangalia umbo la jedwali niliijua: ule mstari wa mshazari unaoegemea nyuma, herufi d, halafu jina la jedwali. Niliiandika, ikaniletea safu zote na aina zake. Hii namba, hii maneno, hii tarehe. Ni sawa na kumuuliza mtu jirani yake ni nani, akakujibu ni mwanamume. Nikaanza kukisia. Ile m ilikuwa na moja au mbili tu, nikaamua ni daraja la korosho. Kwa hesabu hiyo, kijiji cha Chiungutwa karibu kizima kilikuwa kinatuletea daraja la pili. Nilipomwambia meneja, mlinzi wetu alikuwa mlangoni, naye ni mtu wa Chiungutwa. Kesho yake nilipomwamkia shikamoo, aliangalia barabarani.

Nikaona heri nimfuate mwenye maneno yake. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Masasi, lakini kule alikokuwa, kupata mtandao ilibidi apande juu ya kichuguu, na hakuwa mtu wa kupanda kichuguu kwa ajili ya kazi aliyokwisha kuiacha. Nikadandia lori la kampuni lililokuwa linapeleka magunia matupu Newala.

Newala kuna baridi na upepo. Watu wamevaa makoti, na wewe uliyepanda kutoka chini na kitenge kimoja wanakuangalia kwa huruma isiyo na msaada wowote. Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, kimeezekwa bati, jenereta linanguruma nje. Ndani kulijaa watu wakitazama mkanda wa Wachina wanaopigana. Kijana alisimama pembeni ya televisheni akiutafsiri kwa Kiswahili, ingawa Kichina alikuwa hakijui hata salamu yake. Kwa tafsiri yake, mzee mwenye ndevu na yule shujaa walikuwa wanagombania mpaka wa shamba la mikorosho.

Nilimfikia nikajitambulisha kwa kunong'ona.

"Karibu, dada," alisema. "Subiri huyu mzee afe kwanza."

Mzee alichelewa kufa. Alipokufa, watu walitoka kujinyoosha, nami nikamweleza shida yangu: majina ya herufi moja, ripoti, mama wa makao makuu.

"Maelezo yote niliyaandika mlemle ndani," alisema. "Kila safu na maneno yake."

"Mlemle wapi? Mimi nimeona namba na tarehe tu."

"Uliandika d?"

"Niliandika."

"Uliweka na alama ya kujumlisha?"

"Alama ya kujumlisha ya nini?"

"Pembeni ya d. Bila hiyo inakupa umbo tu. Ukiweka hiyo, inakupa na maelezo." Akaanza kurudisha mkanda nyuma. "Sasa ulitaka nikuachie kwenye karatasi? Karatasi pale ofisini zinafungiwa maandazi."

Nilitamani kumpiga kwa mtindo wa Wachina wake. Mama yake ndiye aliyemwokoa, maana alitokea na sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikalisha mkekani, akaniuliza nimefuata nini mpaka huku juu.

"Nimefuata alama ya kujumlisha, mama."

Alifikiri kidogo. "Huko Masasi zimekwisha?"

Nilirudi na lori lilelile, kesho yake nikakaa kaunta nikaandika ile amri, safari hii na alama ya kujumlisha pembeni ya d. Upande wa kulia pakatokea safu ambayo sikuwahi kuiona, imejaa Kiswahili.

Mbele ya k: "Kijiji. Makarani huandika walivyosikia, usishangae." Mbele ya u: "Unyevu. Kipimo kikiharibika karani hung'ata korosho. Meno yake ni ya kuaminika kuliko betri." Mbele ya m: "Mdomo. Moja ni mpole. Mbili hubishana na mizani."

Nilitoka nje nikamwomba radhi mlinzi. Nikamweleza kwamba ile mbili ya Chiungutwa haihusu korosho, maana yake ni watu wabishi.

"Hiyo sawa," alisema. "Hiyo hata mimi naikubali." Salamu zikarudi.

Ila hm ndiyo niliyoisoma mara mbili. Ilikuwa imeandikwa hivi: "Hali ya mahusiano na mdau. Bosi aliitaka alipotoka semina. Imejaa sifuri tangu izaliwe. Hajawahi kuifungua."

Ripoti niliiandika kwa heshima. Hm niliiita safu ya mahusiano, nikaishia hapo. Maneno ya kijana sikuyagusa, kwa sababu yalikuwa yake na, kusema kweli, kwa sababu yalinifurahisha.

Mama wa makao makuu alikuja akiwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliisoma ripoti amesimama, akaiweka chini.

"Karatasi zinaandikwa na yeyote," alisema. "Nionyeshe mashine."

Niliandika d, bila kitu kingine. Safu zikajipanga kwa adabu.

"Weka na kujumlisha," alisema.

Sikuwa na pa kujificha. Kaunta ile ilikuwa na upande mmoja tu wa kutokea, naye alikuwa ameuziba. Nikaweka. Alisoma taratibu kutoka juu, na kwenye meno ya karani nilimwona mabega yakitikisika. Alipofika chini alivua miwani, akamwita meneja.

"Hii hm ni ya nini?"

Meneja alinyoosha tai. "Mama, hiyo ndiyo roho ya mfumo mzima. Tunapima mahusiano yetu na mdau kila msimu."

Mama akasogea pembeni ili naye apate kuona. Meneja aliinama akasoma. Alisoma tena, midomo ikicheza. Halafu akanigeukia mimi, sauti imeshuka.

"Hii inaweza kufutika?"

"Ipi, bosi? Safu au maneno?"

"Maneno."

"Mimi ningefuta safu," alisema mama. "Maneno ndiyo ya maana."

Ikabidi niwaeleze kwamba maneno yameshikamana na safu. Ukifuta safu, na maneno yake yanakwenda. Mama aligongagonga kaunta kwa vidole, akafikiri.

"Basi acha vyote," alisema, akaenda kuangalia ghala.

Meneja hakusema nami siku kadhaa. Halafu asubuhi moja alikuja, akaegemea kaunta, akaniomba nimfundishe ile amri. Alijifunza kuiandika kwa kidole kimoja, na tangu siku hiyo, kabla ya chai, alipita kuhakikisha hakuna neno jipya lililoandikwa juu yake. Hakuna jambo jingine la kompyuta alilowahi kujifunza, lakini hilo alilijua vizuri kuliko makarani wote.

Mimi nikaona huu ni mlango. Barua zangu za kuomba vitu alikuwa haziangalii. Nikaenda kwenye safu ya uzito wa gunia nikaongeza maelezo: "Uzito kwa kilo. Anayeuingiza anakaa kwenye chumba kisicho na feni."

Asubuhi yake alisoma, akatazama dari, akaondoka. Feni ililetwa wiki hiyohiyo, ya mezani, yenye kelele za jogoo aliyepaliwa. Fundi alipoichomeka ikazunguka, meneja alikuja kujionea mwenyewe, mikono nyuma.

"Andika hapo kwamba imeletwa," alisema.

Nikaandika.