Aliyeshika Kamba Yangu pale Baraka

Siku ya kwanza ya kazi niliingia majini na kaputula ya kubebea pamba. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mbele ya uhuru, na mimi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo kwenye gati la Baraka. Waya ya chuma ilikuwa imejifunga kwenye helisi, lile panga la nyuma linalosukuma mashua. Mashua ilikuwa imekwama, na Bwana Shefu wa Kazi za Ziwa, muzungu mkubwa wa gati, alikuwa anatembea huku na huku, uso mwekundu.

"Nani anajua kuzama?" akauliza.

Wenzangu wakatazama miguu yao. Mimi nikavua shati. Nilizama, nikapanda kuvuta pumzi, nikazama tena, mpaka waya ikatoka yote. Nilipopanda gatini nayo begani, Bwana Shefu aliniangalia kama mtu anayepima ng'ombe sokoni.

"We ulisoma wapi?"

"Misioni, bwana. Mwaka wa pili nikaacha."

"Kesho hapana beba pamba. Kesho unakuja kwangu."

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa mzamiaji. Wengi waliomaliza shule hapa wilayani Fizi waliketi nyuma ya meza za wengine. Mimi ziwa lilinipa meza yangu mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kujisifu sana, ila ni kweli.

Bwana Shefu alinifundisha vyombo kimoja kimoja. Kuna chupa ya chuma ya mgongoni, ambayo mashine inaishindilia hewa. Kuna detanderi, inayopunguza nguvu ya hewa ile ili mtu aweze kuivuta kwa mdomo. Kuna maski ya macho, viatu vya mpira kama miguu ya bata, na mkanda mzito wa madini ya risasi wa kukuteremsha. Ukishuka unabana pua na kupuliza taratibu, la sivyo masikio yanapasuka. Ukipanda, usishike pumzi kabisa, kwa sababu hewa inavimba kifuani jinsi maji yanavyopungua juu yako, na kifua kinachanika. Panda polepole, usipite mapovu yako madogo. Alisema pia kwamba ziwa letu liko juu kuliko bahari, kwa hiyo hesabu za kungojea njiani ukipanda, zilizo katika vitabu vya wazamiaji wa bahari lazima uziongezee kidogo. Yote hayo niliyashika mara moja. Kichwa changu kilikuwa chepesi.

Kisha akanipa kaye, daftari gumu lenye jalada la kitambaa. "Kila mara unatoka kwa maji, unaandika. Mbele ya kula, mbele ya kuongea na watu. Kama hauandike, haukuzama."

Aliniambia niandike mahali, kina, upepo, maji yanaonyesha umbali gani, mwili ulijisikiaje, kazi gani ilifanyika. Mimi mita za kuona majini sikuziamini, nikatengeneza kipimo changu. "Naona mkono" maana yake maji ni mabaya. "Naona miguu" ni ya kufaa. "Naona mtumbwi" maana yake nikiwa chini kabisa ninaona tumbo la mtumbwi juu yangu, na mtu akipiga kasia ninahesabu makasia. Bwana Shefu alicheka, lakini baada ya muda mfupi naye alikuwa ananiuliza asubuhi, "Leo mkono ao mtumbwi?"

Nitawaambia vijana yale ambayo kaye ilinifundisha juu ya ghuba yetu. Mbele ya Baraka chini ni mchanga, na kina kinakuja polepole. Kiangazi, upepo wa kusini ukianza kupiga, mchanga unaamka, na mchana unaona mkono tu, basi zama asubuhi. Masika, mto Mutambala unaleta tope jekundu linalolala juu ya maji kama blanketi. Ukilipita, chini maji yanakuwa safi tena, lakini giza, na baridi inakuingia mbavuni. Karibu na mdomo wa mto usizame kabisa, mamba wako pale na hawasomi kaye ya mtu. Upande wa Ubwari ni mawe, maji ya "naona mtumbwi" karibu kila siku, na samaki wadogo wa rangi zote wanakuja kukutazama usoni. Lakini mawe yale yanakatika ghafla, na chini ni buluu tu. Pale mtu anapima kama kichwa chake kimetulia.

Nilitumwa Uvira kukagua nguzo za gati, kisha Albertville, bandari kubwa ya kusini, kupiga rangi matumbo ya meli. Niliporudi Baraka, Bwana Shefu alikuwa amekwenda kwao, na mahali pake palikuwa na Bwana Inspekteri, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Hakuwa mbaya. Lakini hakuwahi kuona mweusi amevaa chupa, na haikumpendeza.

Masika hayo mashine ya kuchambulia pamba ilianguka kutoka kwenye pontoni, lile jahazi bapa la kubebea mizigo, mbali kidogo na gati. Bwana Inspekteri akaniita.

"Unafunga minyororo kwa mashine, tunaivuta. Ukishindwa, ninaita mzamiaji muzungu, na hizi vyombo vyote vinaenda Albertville pamoja naye."

"Na mimi, bwana?"

"Pamba bado iko."

Nilielewa. Kama nisingefunga minyororo ile, ningerudi kwenye magunia, na watu niliowapita wangenipita tena wakicheka.

Mzamiaji hashuki bila mshika kamba. Yeye anabaki kwenye mtumbwi, kamba mkononi, na kamba ile ndiyo mdomo wenu. Mshika kamba wangu wa kazini alikuwa amelala na malaria. Nikamchukua Wilondja, kaka wa mke wangu, mvuvi, mwenye mikono kama mizizi. Nikamfundisha mbele ya Bwana Inspekteri: nikivuta moja, niko sawa. Mbili, nipe kamba. Tatu, nitoe.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Moja sawa, mbili kamba, tatu toa. Mi si mutoto."

Nikashuka. Blanketi jekundu, kisha giza. Niliikuta mashine imelala ubavu kwenye tope. Nikafurahi, nikavuta moja: niko sawa.

Kamba ikaninyanyua kama kuku. Sikuwa na nafasi ya kufikiri, ila nilikumbuka kutoa pumzi, nikapiga kelele njia nzima ili kifua kisichanike. Nilitokea juu maski imegeuka, damu puani. Wilondja alikuwa amesimama, mguu mmoja kwenye ukingo wa mtumbwi, bado anavuta.

"Unaniua juu ya nini?" nikamwambia.

"Ulivuta, nikavuta."

"Nilivuta moja. Moja ni sawa."

"Samaki naye anavuta moja. Nimungoje avute tatu?"

Bamama waliokuwa wanafua ufukweni walisikia yote. Mmoja akaita, "Wilondja, hiyo sangala yako iko na viatu. Utauzisha nani?" Wakacheka wote. Mimi sikucheka, kwa sababu Bwana Inspekteri kwenye pontoni alikuwa anafunga kalamu yake.

"Inaisha," akasema. "Ninaandika Albertville, muzungu akuje."

Tulipofika ufukweni nililala kwenye mchanga nikisikiliza kama kuna maumivu kifuani ao kwenye viungo. Hayakuwepo. Wilondja akaja akachuchumaa kando yangu, sasa bila mzaha.

"Shemeji, mikono yangu haina masikio ya hesabu. Tangu utoto wangu, ule aliye majini kwa kichwa ya wavu akitikisa kamba, sisi wa inchi kavu tunavuta. Hatuulizi. Ukiuliza, samaki wametoka."

Hapo ndipo nilipofikiri kwa kichwa changu mwenyewe. Nikaamka, tukaenda gatini kwa Bwana Inspekteri, damu yangu bado puani.

"Bwana, tubadilishe kamba, tusibadilishe mutu. Nikiwa sawa, sivuti. Kamba ikinyamaza, aniache. Nikivuta, hata moja, anitoe."

"Na kama umekufa? Maiti nayo haivute."

"Atatazama mapovu, bwana. Huyu anaona ndagala wakipita chini ya maji meusi. Mapovu yatamushinda?"

Wilondja akaongeza, "Yakisimama, nitavuta. Sitangoja ruhusa."

Bwana Inspekteri akaenda akapima chupa. "Chupa moja ndiyo imejaa," akasema. "Kesho asubuhi. Mara moja tu."

Asubuhi, mbele ya kushuka, nilimwambia Wilondja jambo lingine. "Ukinivuta, usinivute kama wavu mpya. Nivute kama ule wavu wa zamani wa baba yako, ule unaochanika."

"Ule? Ule tulivuta nusu siku."

"Basi hivyo."

Chini niliona mkono, si zaidi. Nilifanya kazi kwa vidole. Mnyororo wa kwanza nikaupitisha chini ya kichwa cha mashine, wa pili kwenye miguu, nikafunga pingu zote mbili, zile pete za chuma za kushikia minyororo. Nilipokaza ya mwisho, mashine ikajigeuza kwenye tope. Ubavu wake ukanipiga usoni, detanderi ikanitoka mdomoni. Nilipoikamata ilikuwa imejaa tope, na nilipovuta pumzi nilipata matope, si hewa. Sikuona hata mkono.

Nikavuta kamba. Moja. Ya pili nisingeiweza.

Haikuchelewa hata kidogo. Ikakaza, ikanitoa kwenye tope, ikaanza kunipandisha, mkono baada ya mkono, taratibu, bila kushtuka. Kile kidogo kilichobaki kifuani kilikuwa kinaongezeka jinsi nilivyopanda, nami nikakitoa polepole, mpaka blanketi jekundu likapasuka na jua likanipiga machoni. Wilondja alinishika kwapani akanilaza kwenye mtumbwi.

"Wavu haujachanika," akasema.

Nikakohoa tope, nikainua vidole viwili kwa Bwana Inspekteri: minyororo miwili, tayari. Winchi ikalia. Mashine ikatoka inavuja, ufukwe wote ukainuka. Bwana Inspekteri alikuja kwenye mtumbwi mwenyewe, na kaye yangu mkononi.

"Andika," akasema. "Mbele ya kula." Alikuwa anageuka, akaongeza, "Vyombo vinabaki Baraka."

Niliandika. Chini ya mistari ya Bwana Shefu nikaongeza mmoja wangu: aliyeshika kamba. Tangu siku ile hakuna ukurasa usio na mstari huo, na mara nyingi jina ni lile lile, kwa sababu yule mshika kamba wa kazini alipopona nilimwacha gatini.

Masikio yangu yalinistaafisha kabla ya mvi. Nilijenga nyumba ya bati, nililea watoto waliosoma kunipita, na toka Uvira mpaka Albertville sijasikia kaye ya kuzama nzuri kama yangu. Vijana wanakuja kuniuliza kina gani nilifika. Ninawaambia kina ni kitu kidogo. Anzeni na mstari wa chini kabisa, jueni ni nani atashika kamba, na mikono yake imezoea nini.

Wilondja, kama yuko karibu, hangoji nimalize.

"Huyu?" anawaambia. "Nilimutoa kwa maji mara mbili. Ya kwanza alikasirika."

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu hapa Baraka anajua. Lakini kwa hilo ninafungua kaye tu, ninawaonyesha jina lake kwenye mstari wa chini.